Mwambie Baba Yako

Jumanne saa tatu asubuhi, binti wa miaka tisa aliingia kliniki akiwa wawili. Mmoja kashikwa mkono na mama, mwingine na baba. Sare ileile ya shule, viatu vilevile vilivyochubuka nchani. Dada wa mapokezi alitoa kadi moja, maana cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimoja.

Mwanasaikolojia wa watoto, ambaye wazazi wote humwita daktari na ameshachoka kukanusha, alivuta kiti cha ziada.

"Mwambie baba yako aeleze yeye," mama alisema. "Si ndiye mjuaji?"

Binti wa upande wa mama alimgeukia mwenzake. "Mama anaomba baba aeleze. Anajua vizuri zaidi."

"Mwambie mama yako asinianze," baba alisema.

"Baba anasema haya, anaanza."

Huu ulikuwa mwaka wa pili wazazi hawa hawasemezani, ndani ya nyumba moja. Mtoto alishinda akikimbia kati ya jikoni na sebuleni na maneno yao, mpaka siku moja akafika sebuleni na jikoni hajatoka. Wala hawakushtuka. Si haba, walisema, ataacha kukimbiakimbia. Kilichowaleta ni kwamba siku hizi anasinzia darasani, kwenye madawati yote mawili.

"Na wewe mwanangu, unataka nini?" mwanasaikolojia aliuliza.

"Kuwa mmoja," walijibu kwa pamoja. "Halafu nilale."

Dawa haikuwa ngumu. Aliwaomba wazazi watazamane, kila mmoja amwambie mwenzake neno lolote, ana kwa ana. Baba akamtazama mama. Mama akafungua mdomo. Mabinti wakaanza kusogeleana. Mkono wa huyu ukaingia polepole ndani ya mkono wa yule, kama mtu anavyovaa sweta. Mwanasaikolojia alisahau kupumua. Jamani, neno moja tu! Hata "umenenepa" lingetosha.

"Mwambie baba yako," mama alisema, "asinikodolee macho."

Mkono ukachomoka.

Jumanne iliyofuata walikuja na mabinti watatu. Wazazi walikuwa na furaha tele. Huyu mpya anakaa katikati, anapokea kwa huyu anampa yule. Kazi imekuwa nyepesi na nyumba imetulia. Baba alimpa mwanasaikolojia mkono, akamsifu kwamba kazi yake anaijua.

Mwanasaikolojia alileta kiti kingine. Kisha akachuchumaa mbele ya watoto.

"Na wewe mwanangu, unataka nini?"

Wa mama akamwuliza wa katikati. Wa katikati akamwuliza wa baba. Wa baba akamtazama baba, aliyekuwa akifunga vifungo vya koti tayari kuondoka, akaona hapo hakuna wa kumwuliza. Akakunja mikono mapajani, akakaa kumsubiri wa nne.