Nyumba Iliyoota Uani kwa Mama Denise

Jumamosi moja ya Agosti 2017, saa nne asubuhi, pikapu nyeupe ilipanda kilima cha mtaa wa Observatory ikivuta nyumba. Nyumba ilikuwa na urefu wa mita tano na upana wa mita mbili na nusu, imejengwa juu ya tela la magurudumu manne. Lango la Mama Denise lilipungua sentimita sita, kwa hiyo nguzo moja iling'olewa, wanaume wanane wakasukuma, nguzo ikarudishwa.

"Polepole, jamani, bafu liko huko nyuma!" alipiga kelele Goreth, mshonaji kutoka Burundi.

Tangu aingie nchi hii hakuwahi kuwa na bafu lake. Mumewe Libère, fundi wa kuchomelea mageti, aliijenga nyumba hiyo kwa miezi saba. Kabla ya hapo walikaa mtaa wa La Rochelle, jijini humohumo, katika chumba ambacho familia tatu ziligawana kwa mapazia. Huko ndiko binti yao Yolande alikojifunza kucheka bila sauti.

Wazo la magurudumu lilikuwa la mwenye kiwanja, Mama Denise, nesi mstaafu kutoka Lubumbashi. Ukijenga uani, manispaa inataka ramani, na ramani huchukua miaka. Kitu chenye magurudumu hakidaiwi ramani.

Ilibaki shule. Yolande alitakiwa kuanza darasa la kwanza Januari, na shule ya mtaa ilitaka karatasi ya kuonyesha kwamba anaishi hapo. Barua ya Mama Denise haikutosha. Mkaguzi wa majengo lazima athibitishe. Mkaguzi alikuja, mtu mpole aitwaye Chris, akachungulia chini ya nyumba, akaandika. Kizulu cha wazazi kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo Yolande alitafsiri.

"Anasema hii ni gari."

"Mwambie ndani kuna jiko na vitanda viwili," alisema Libère.

"Anasema basi ni gari zuri. Lakini gari halina anwani."

"Na tukiyatoa magurudumu?"

"Anasema itakuwa jengo lisilo na ramani. Litabomolewa."

Goreth, kama wanawake wa kwao wanavyofanya wakihamia popote, alikuwa amepanda mboga kabla hata ya kupanga vyombo. Uani palikuwa na udongo kidogo tu, kwa hiyo alipanda lengalenga, mchicha wa kwao, katikati ya magurudumu, akaziwekea samadi ya kuku, akazimwagilia asubuhi na jioni. Hakuwaza kwamba nyumba nayo ilikuwa inakunywa.

Wiki ya pili ya Oktoba, Libère alitoka chini ya nyumba akijifuta magoti.

"Mama Yolande, gurudumu la kushoto limeota mizizi."

"La kulia je?"

"Bado."

"Umelinyima samadi."

Kufikia Jumapili yote manne yalikuwa yameota. Kisha upande wa mashariki ukachipua kibaraza. Baada ya mvua ya kwanza kikatokeza chumba, kidogo kama kabati, kikakua hadi kikamtosha mtoto. Dirisha lake lilitoka likiwa laini.

"Kioo hakijakomaa, usikiguse," Libère alimwonya Yolande.

Kila asubuhi Yolande alikimbia pekupeku kuona kilichoongezeka, naye Mama Denise alimfuata na kikombe chake cha chai. Watu wa kanisani walikuja kutoka La Rochelle na sufuria za sombe ya majani ya muhogo, wakakalia kibaraza kipya, wakasema kimekaa vizuri ila kingegeukia jua. Yolande alicheka mpaka majirani wakasikia. Goreth hakuweza kutulia kwa furaha. Gari haliwezi kuwa na mizizi. Alimpigia mkaguzi simu yeye mwenyewe.

Chris alifukua kidogo kwa mkono, akapima mzizi mkubwa kwa futi yake.

"Eish," alisema, kisha akaongea kwa muda.

"Anauliza mnatumia samadi gani."

"Ya kuku, mwambie. Ikauke kwanza."

Chris aliandika hilo pia. Kisha akajaza fomu.

"Anasema si gari tena!"

Goreth alimkumbatia Mama Denise, chai ikamwagika. Libère alikaa chini kibarazani, akafunika uso kwa mikono miwili.

"Anasema ni mti," Yolande alimalizia.

Mti haudaiwi ramani, Chris alieleza, wala hakuna wa kuubomoa. Lakini watu hawaandikishwi mtini. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Yeye mwenyewe alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, mwenye watoto wawili, na kabla ya kuondoka aliomba kipandikizi. Goreth alimkatia kipande cha kibaraza, akakifunga kwa gazeti lililoloweshwa.

Januari, siku ya kufungua shule, jina la Yolande halikuwa kwenye orodha. Asubuhi hiyohiyo nyumba ilitoa chumba kingine, kikubwa kuliko vyote, chenye ubao mweusi, chaki mbili ambazo bado zilikuwa laini, na dawati moja.

"Njooni muone! Njooni!" Goreth aliita uani kote. Alimchana Yolande nywele, akampeleka kwenye dawati, akalipangusa umande.

Libère alikagua kila pembe. Mwalimu hakuwa ameota. Nje ya ukuta watoto wa mtaa walipita na mabegi yao, wakielekea shuleni kwa kelele. Yolande alinyoosha mgongo, akainua mkono, akasubiri aitwe.