Kijiko cha Kwanza cha Mzee Pyo

Siku ya kwanza ya Ramadhani, Mwatime alifika kazini mjini Columbia, huko ughaibuni, na saumu yake, na maneno ya shoga yake Fathiya yangali yanamzunguka kichwani. Jana, nyumba ya Fathiya mtaa wa Adelphi ikiwa imejaa watu hadi kwenye zulia, Fathiya, ambaye ulimi wake hauna breki, alimwambia mbele ya wote: "Shoga, mzee wako huyo atakuponza. Aliyezoea kuwinda watu hastaafu."

Mzee mwenyewe, Pyo Sang-gil, alikuwa mkuu wa majasusi kwao Korea, kisha akaomba kura na kuingia bungeni. Sasa ana miaka themanini na sita, anakaa kwa bintiye, na Mwatime humwangalia mchana binti akiwa kazini. Ujasusi ulimwachia jicho, siasa ikamwachia tabasamu, na viwili hivyo havikuwahi kupatana. Atakushika mkono kwa mikono yote miwili kama mwenye kuomba kura, huku macho yanapekua mkoba wako. Jeptoo, mtunzaji aliyetangulia, alifukuzwa kwa sababu kijiko kimoja kilihama droo.

Sharti lake lilikuwa moja: mtunzaji aonje chakula kwanza, mbele yake. Wiki tatu Mwatime alionja bila kinyongo. Uji wa bure, nani akatae?

Leo mzee alijidunga sindano yake ya kushusha sukari, ambayo haitaki tumbo tupu, kama kawaida, akaketi, akasukuma bakuli. Mwatime akafanya walivyofanya mama zake wa Likoni wakipika mwezi huu: akagusa uji kwa ncha ya ulimi, akageukia sinki, akatema.

Tabasamu la mzee likazimika.

"Umetema."

Mwatime akamweleza kwamba amefunga. Mzee akauliza mbona jana alikula. Akajibiwa kwamba mwezi ulikuwa haujaandama. Mzee akatazama dirishani, kwenye mchana mweupe, kama mtu aliyeambiwa shahidi ametoroka.

"Ushahidi wako ni mwezi," akasema.

Akafunika bakuli kwa sahani, akalivuta upande wake. Juisi akaikataa, kopo nalo, alisema, huweza kutobolewa. Mwatime akampigia binti, simu ikaita hadi ikakatika. Dakika zikapita. Jasho likamtoka mzee kipajini, vidole vikaanza kucheza juu ya meza, maneno ya Kikorea yakaingiliana na ya Kiingereza.

Hapo Mwatime akaogopa kwelikweli. Ataita ambulensi, lakini sukari ikishuka haisubiri ambulensi. Na mzee akianguka hapa, mbele ya uji ambao yeye kautema, nani atamwamini mwanamke wa ushungi anayesema habari za mwezi?

Akafunua bakuli. Bismillahi. Akameza vijiko vitatu vilivyojaa, shingo juu, koo lionekane.

"Haya, Mzee. Kama ni sumu tunakwenda sote, nami nitakuwa nimefia uji usio na chumvi."

Mzee akamkazia macho muda mrefu kuliko afya yake ilivyoruhusu. Kisha akafungua kinywa. Kijiko kilitetemeka mno, ikabidi Mwatime amshike mkono, akamlisha hadi bakuli likabaki jeupe.

Rangi ilipomrudia, mzee akauliza kumeza kule kumemgharimu nini. Siku moja, akajibiwa. Ataifunga baada ya Idi. Mzee akawa anafuta meza iliyokuwa safi.

"Kulikuwa na baharia," akasema. "Mgeni. Tulimhoji siku tatu. Kila mchana tukampa chai, kila mchana akaikataa. Nikaandika kwamba ana anachokificha. Alikaa ndani miaka sita."

Mwatime akauliza polepole, "Ilikuwa mwezi gani, Mzee?"

"Hilo sikuliandika."

Kesho yake bakuli halikusukumwa. Mzee alikula mwenyewe, macho chini. Lakini kila Mwatime alipokwenda msalani alisikia mkongojo ukimfuata koridoni, ukasimama nje ya mlango, ukasikiliza bomba, asije akawa anakunywa kwa siri.

Adhuhuri, alipotaka kutawadha, aliuacha mlango wazi. Akajaza maji kiganjani, akayatia kinywani, akasukutua huku mzee anatazama bila kupepesa. Kisha akatema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuza mkongojo, akarudi kwenye kiti chake.