Mwendo wa Ndovu

Kitabu kile nilikiokota Fairfield, kitongoji ninakoishi huku ughaibuni, kwenye rundo la vitu ambavyo watu huviweka kando ya barabara ili gari la manispaa livizoe. Kilikuwa juu ya godoro lililochanika: mashairi ya kale ya Kisanskriti, yametafsiriwa kwa Kiingereza. Ushairi sikufundishwa na mtu. Mizani nilijihesabia vidoleni tangu kambi ya wakimbizi. Kwa nini basi nimwombe mtu ruhusa ya kusoma ya Wahindi?

Ilikuwa Julai 2021. Kiwanda chetu kimefungwa kwa sababu ya korona, polisi wako mitaani, na hakuna anayeruhusiwa kwenda mbali na kwake. Mpenzi wangu Déborah alikuwa St Marys, kitongoji cha mbali, akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila jioni akitoka kazini alinipigia simu. Sauti yake ndiyo pekee iliyoingia chumbani mwangu. Akishakata, nilibaki na mngurumo wa friji. Nikaamua: siku yake ya kuzaliwa nitamsifu mbele ya kwaya yetu nzima ya kanisani, kisha nitamwomba tuoane.

Kwaya ilikutana Jumapili kwa Zoom. Desturi yetu, mwenye siku yake hukaa kimya na kila mmoja humpa neno la baraka. Zamu yangu ilipofika nilisimama, ingawa kamera ilionyesha kifua tu.

"Waenda mwendo wa ndovu, taratibu kwa madaha..."

"Ngoja, ngoja," Wilondja, mpiga gitaa wetu, akanikatiza. "Kaka Moïse, umemwita dada yetu tembo?"

"Ni sifa! Washairi wakubwa wa Kihindi..."

"Basi katafute Mhindi!"

Mama Cécile, kiongozi wetu, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mwanangu, hata kama tumenenepa kwa kufungiwa huku, mambo hayo hayasemwi mbele ya watu."

Nikawaka. Niliwaambia hawajui ushairi, wanajua kupiga makofi tu. Nilipomaliza kufoka, dirisha la Déborah lilikuwa limeshazimika.

Jioni hiyo simu haikulia. Nikapiga mimi.

"Dé, hukuelewa. Kitabuni, mwanamke mzuri hutembea kama..."

"Nilielewa sana. Ulitaka wakusikie wewe. Mimi ulinitaja tu."

"Lakini kitabu..."

"Na hicho kitabu chako kinasema nini kingine juu ya huyo tembo? Ulikisoma, au ulichagua?"

Akakata. Kesho yake hakupiga, wala keshokutwa. Nilikula mkate nikiwa nimesimama. Jirani alikohoa upande wa pili wa ukuta, nami nikajikuta nangoja akohoe tena.

Hatimaye nilikifungua kitabu ili nipate ushahidi wa kumshinda. Nikapita zile kurasa za sifa, nikaingia zile nilizoziruka kwa sababu zilinukia mahubiri. Humo wale wazee hawamsifu mtu. Nondo anaungua kwa kupenda mwanga. Samaki anakufa kwa chambo, paa kwa wimbo wa mwindaji, nyuki kwa harufu ya ua linalomfungia ndani. Na ndovu dume, mwenye nguvu kuliko wote, anamfuata jike aliyefugwa hadi anatumbukia shimoni. Kila mmoja na tamaa yake moja.

Nikamtafuta mnyama anayekufa kwa kutaka kupigiwa makofi. Hayumo. Labda nafasi hiyo walimwachia mwanadamu.

Nilikasirika, nikakitupa kitabu kitandani, nikakiokota tena. Kumwomba radhi faraghani kungekuwa rahisi, lakini aibu nilimpa hadharani. Nikafungua kundi la kwaya la WhatsApp, nikabonyeza kipaza sauti, nikasema mistari miwili nikiwa nimeketi:

"Ndovu mimi nimezama, shimo nililolichimba,
Si wewe wa kulaumu, ni ulimi ulotamba."

Wilondja akaweka vicheko. Mama Cécile akaweka mikono ya sala. Armelle, mwanakwaya mwenzetu, akauliza mazoezi ni saa ngapi. Jina la Déborah halikutokea. Nikaiweka simu kifudifudi mezani. Nje treni ilipita kuelekea mjini, mabehewa yakiwaka taa na viti vyote vitupu.

Simu ikatetemeka. Alikuwa ameandika kwangu peke yangu:

"Huko shimoni kuna baridi?"

Vina vilinijia, vya kutosha ubeti mzima. Niliviacha vyote.

"Sana," nikaandika.

Akapiga.