Kioo Kipya Hakisikii Kidole

"Ilikuwa nasikia, Mama. Sasa haisikie tena."

"Simu haina masikio," nilimwambia. "Ilikuwa imepasuka, sasa ni nzima. Sema aksanti, tumalize."

"Aksanti ya nini? Muntu anakutoa jicho, unamwambia aksanti?"

Binti yangu Bénie ana miaka kumi na tisa, na ulimi wake aliutoa kwangu, kwa hiyo siwezi kulalamika. Tulikuwa jikoni tangu asubuhi tukirudia maneno yaleyale. Jana yake, alipokwenda mazoezi ya kwaya, nilichukua simu yake kuukuu, ile aliyoachiwa na shangazi yake Albertine, nikaipeleka kwa fundi ibadilishwe kioo. Kile cha zamani kilikuwa na nyufa kutoka pembe hadi pembe. Mimi ni mkunga. Nikimwona mwanangu anaburuza kidole juu ya vipande vya chupa, siitishi kikao cha familia. Aliporudi akaiwasha, akaigusa mara moja, akanitazama kana kwamba nimeuza mbuzi wa watu.

Lazima niseme kuhusu mikono yake, maana bila hiyo ugomvi wetu utaonekana upuuzi. Alipokuwa anajifunza kutembea aliangukia mbabula yenye makaa ya moto, na mtoto anayeanguka hutanguliza mikono yote miwili. Vidole vilijikunja vikashikana na viganja. Kilichobaki na ngozi yake ya kuzaliwa ni kifundo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia, kimetokeza mbele kama pua. Shuleni nilikuwa namfungia kalamu kwa bandeji. Alifaulu mitihani hivyo mpaka diploma ya serikali, lakini kalamu iliyofungwa huandika tu. Haichori.

Simu ya Albertine ndiyo iliyochora. Bénie aligundua mwenyewe, hakuna aliyemfundisha: akigusa kioo polepole kwa kile kifundo, mstari unatoka mwembamba kama unywele, akikandamiza, mstari unanenepa na kuwa mweusi. Akaanza kuchora kila kitu. Mimi nikipepeta unga, mimi nimelala mdomo wazi. Mwishowe michoro ikafika mbele ya Papa Constantin, mpiga shaba wa mtaa wetu, anayetengeneza zile picha kubwa za ukutani zinazofuliwa kwa nyundo. Yule mzee aliangalia, akasema, "Huyu mutoto ananionyesha fasi nyundo inapita na fasi nyundo inaanguka." Mahali penye weusi, kwake, palikuwa na kina. Akampa jaribio. Ukoo mmoja wa watu wa reli unataka picha ya garimoshi la babu yao. Bénie akileta mchoro unaofaa, atakuwa mchoraji wa karakana, kazi ya kudumu. Asipoleta, kazi inakwenda kwa Michée, kijana anayechora kwa rula.

Mchoro ulitakiwa kesho yake asubuhi. Ulikuwa haujafika nusu.

"Chora kama unavyochora siku zote," nilisema.

"Angalia, basi."

Aliniwekea simu mezani, akapitisha kifundo kidogo tu. Mstari. Akapitisha tena, safari hii amekandamiza mpaka meza ikalia. Mstari uleule. Magurudumu na moshi vilikuwa na unene mmoja.

Nikavuta kiti. Nilikuwa nimekasirika, lakini jambo lisilo na maana hunikera kuliko hasira. Nilijaribu kwa kidole gumba, kisha kwa dole la kati. Nilikandamiza kama ninavyokandamiza muundi wa mama mjamzito kutafuta uvimbe. Ngozi hujibu: inabonyea, na ukitoa kidole, kishimo kinabaki au kinajaa, nawe unajua la kufanya. Hiki kioo hakikujibu kitu. Niliposhikilia bila kuondoa kidole, kikatokea kijisanduku kikiniuliza nataka kufanya nini. Nikajaribu kushikilia kwa wepesi kabisa, kama unamgusa mtoto aliyelala. Kijisanduku kilekile, kwa muda uleule.

"Hakipimi nguvu," nilisema. "Kinapima muda."

"Njo vile nakwambia tangu asubuhi."

"Hukuniambia hivyo. Uliniambia nimetoa jicho. Vaa viatu."

Yule fundi, Guelor, ana kibanda chake Kasapa, mbele ya chuo kikuu, katikati ya wauza fotokopi na wauza mikate. Alituona tunakuja, akaanza kufuta meza.

"Mama Bénie, kioo kile, unaweza kunyoa ndevu ndani yake."

"Sina ndevu. Ulitoa nini humo ndani?"

"Nilitoa kioo ya kufa, nikaweka kioo ya muzima."

"Ile ya kufa ilikuwa nasikia," Bénie alisema. "Hii ya muzima iko kama muntu wa ofisi. Unamugonga, anakwambia ngoja."

Guelor alicheka, kisha akaona kwamba sisi hatucheki. Akaichukua simu, akabonyeza hapa na pale, akakuna kichwa. Kwanza akasema ni betri. Nikamwambia betri haijui unene wa mstari. Akasema labda ni mikono ya Bénie, ndipo nikamwonyesha kidole gumba changu, kizima kabisa, kikikandamiza bila jibu. Hapo akaifungua ile simu kwa ncha ya wembe mbele yetu, akainamia.

"Bon," alisema mwishowe. "Kweli kulikuwa kintu chini ya kile kioo. Kama ngozi ingine. Niliona, nikazania ni ya kuongeza uzito tu. Hivi bioo ya kubadilisha haina. Na telefone za sasa zote, hata za bei kali, ile kintu balishatosha."

"Kwa nini walitoa?"

"Mama, bantu habakujua kama iko. Muntu anabonyeza kwa nguvu, inafanya kitu, anasema ni bahati. Kintu haina mwenyewe, banaitosha."

Nililifikiria hilo, na bado nalifikiria. Kwamba mahali fulani watu walikaa mezani wakauliza nani anatumia kitu hiki, na hakuna aliyekuwa na namba ya mtoto wangu.

"Na kile kioo cha zamani kiko wapi?"

Guelor alitazama ndoo iliyokuwa chini ya meza. Ilikuwa tupu. "Bale banaokota bioo balipita jana magaribi. Bakishabeba, huwezi kubapata."

Bénie aliiweka simu ndani ya mfuko wa gauni, akaanza kutembea. Ningependelea anitukane.

Nyumbani nilijaribu yote yaliyonijia. Nilisaga makaa, nikamtia kifundo kwenye vumbi lake, nikamwekea karatasi nyeupe. Kifundo kilitoa doa, si mstari, na mkono ukafuta nyuma kile ambacho ulichora mbele. Nilimwaga unga wa mahindi juu ya sinia achore ndani yake. Akachora gurudumu moja, zuri, nikafungua mlango, upepo ukalichukua.

"Mama, acha. Michée achukue."

"Michée anachora treni kama kabati."

"Kabati haina makosa. Acha tu."

"Kula kwanza," nilisema, maana saa ya kula ilikuwa imepita, na mimi hukata tamaa nikiwa nimeshiba.

Asubuhi nilikuwa nimepika ugali mwingi, bukari kwetu, nikitegemea wageni ambao hawakuja, na nusu yake ilikuwa imepoa ndani ya sinia pana, imeshikamana vizuri. Nilimega tonge, nikaliviringisha, nikalitia kidole gumba katikati kupata kishimo cha kuchotea mchuzi wa lengalenga. Nimefanya hivyo tangu sijaota meno. Safari hii mkono ulisimama kabla ya kufika mdomoni. Kile kishimo kilikuwa na kina cha kidole changu, si zaidi, si pungufu. Nikalibonyeza tonge kidogo kando yake, kwa wepesi. Kishimo chembamba.

"Unafanya nini na chakula?" Bénie aliuliza.

"Inasikia," nilisema.

Alinitazama kwa huruma, kama watoto wanavyotazama wazazi wanaoanza kuzeeka. Nilitoa kabatini ile karatasi ya alumini ambayo huwa nafungia samaki wa kuchoma, nikakata kipande, nikakitandaza juu ya bukari iliyobaki ndani ya sinia, nikailainisha kwa kiganja mpaka ikalala bila makunyanzi. Nikamsogezea.

"Haya. Gusa."

Aligusa ili aniridhishe. Mfereji mwembamba ukabaki kwenye alumini, unang'aa. Akatulia. Akagusa tena, akakandamiza, bukari ikazama chini, na mfereji ukawa mpana wenye kingo zilizovimba. Akaegemea mbele. Mezani sasa alikuwepo mtu mwingine, yule ninayemjua, anayeuma ulimi wake upande mmoja akiwa kazini.

Alianza na gurudumu kubwa. Alilikandamiza kwa uzito wa bega. Akapanda kwenye tumbo la injini, akalegeza, akavuta mistari ya mabati, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia. Moshi aliufanya mwishoni, kwa kupangusa tu, kama anamfuta mtu jasho. Mara moja alitoboa, akasema neno ambalo kwaya haiimbi, akalitengeneza lile tundu kuwa taa. Mimi nilikaa nikiangalia kidole. Nimepokea kwa mikono hii watoto mia na zaidi wakizaliwa, nimetafuta vichwa na miguu kupitia ngozi ya tumbo. Sikuwa nimewahi kumwona mwanangu akitafuta kitu kwa namna hiyo, kwa sababu kwenye simu alikuwa ananipa mgongo.

Alipomaliza alijaribu kukitoa kile kipande. Nikampiga kofi jepesi mkononi.

"Kitakunjika. Kinaenda hivyohivyo."

"Na bukari chini?"

"Na bukari chini."

"Mama, siwezi kupeleka chakula kwa Papa Constantin, nimwambie ni dessin."

"Wewe hutapeleka. Nitapeleka mimi. Fungua mlango."

Karakana haiko mbali. Nilibeba sinia mbele yangu kwa mikono miwili, Bénie akinifuata nyuma, na mama Mwape, jirani yetu, akauliza kutoka ugani kwake kama kuna msiba mahali. Nikamwambia hapana, kuna treni.

Papa Constantin alikuwa anapuliza majivu kwenye kipande cha shaba. Ni mzee mrefu, baba yake alikuwa mtu wa mgodi, na hana haraka na mtu yeyote. Niliweka sinia juu ya meza yake ya kazi, kati ya nyundo.

"Mama, nilishakula," alisema.

"Si chakula. Ni mchoro wa Bénie. Simu imeharibika, mimi ndiye niliyeiharibu, na hii ndiyo iliyobaki. Gusa, usiangalie tu."

Alivaa miwani. Kisha akaivua, akafumba macho, akapitisha dole gumba juu ya alumini, kwenye moshi, kwenye tumbo la injini. Kwenye gurudumu kidole kilishuka, kikazunguka, kikapanda. Alirudia gurudumu.

"Michée alishaleta yake," alisema, macho bado amefumba. "Iko pale ukutani. Ni safi."

Tuliitazama. Ilikuwa safi kweli. Ungeweza kuweka nguo ndani yake.

"Hapa nani alikandamiza?" akauliza.

"Ni miye, Papa," Bénie alisema.

"Na nini?"

Akamwonyesha kifundo. Mzee alikishika, akakigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza vifaa vyake, bila huruma yoyote, jambo ambalo nililipenda.

"Ulikosea," alisema. "Sisi tunapigia mukuba, hii shaba, kwa mugongo, ili mbele ivimbe. Weye ulikandamiza mbele, gurudumu yako iko shimo. Nikiigeuza, gurudumu inakuja nje muzuri, lakini treni inarudi kule ilitoka. Babu yabo kwa photo anaenda kuume. Hii yako inamurudisha ku nyumba kabla ya kazi."

"Nitaigeuza kichwani," Bénie alisema. "Nianze na moshi kwa kuume. Naweza."

"Unaweza?"

"Kama inasikia, naweza."

Papa Constantin alimtazama, kisha akaitazama tena sinia. Alifika ukutani, akautoa mchoro wa Michée kwenye msumari, akaukunja taratibu, akauweka juu ya kabati, mahali pazuri, si kwenye takataka. Akachukua mkasi wa mabati. Kutoka nyuma ya mlango alivuta shaba nyembamba, ile laini anayofanyia vielelezo, akakata kipande cha upana wa mikono miwili, akakipitisha juu ya moto mpaka kikabadilika rangi, akakizamisha kwenye maji, ili kilainike zaidi. Meza ya pembeni ilikuwa na kitanda cha lami, ile inayobonyea chini ya shaba ikikandamizwa. Akaipasha, akailaza shaba juu yake, akaigonga pembe nne kwa mpini wa nyundo.

Kisha akavuta kiti, si kwa ajili yake.

"Mugongo," alisema. "Anza na moshi."

Bénie alikaa. Mimi nilianza kula bukari iliyokuwa kando ya alumini, ile ambayo haikuguswa na treni, kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi nyingine. Alikiweka kifundo upande wa kulia, akasubiri kidogo, akakandamiza.