Barabara ya Wiesław na Jaji Aliyefungiwa

Jaji Kazimiera wa Poland aliposimamishwa kazi, aliyecheka kuliko wote ni shemeji yake Wiesław, mkandarasi wa barabara aliyekishabikia chama tawala kufa na kupona. Kosa la jaji lilikuwa moja: katika hukumu yake alihoji kama majaji wapya walioteuliwa na wanasiasa walikuwa majaji kweli.

"Ungenyamaza tu, shemeji," Wiesław alimwambia Jumapili mezani, akijiongezea supu ya bitiruti. "Mdomo umeponza kichwa."

"Kula, Wiesław. Supu bado haijapigwa marufuku."

Mwaka ukapita. Kazimiera alishinda akitia matango kwenye chumvi mpaka mitungi ikajaa chini ya kitanda. Aliumia, ila hakutaka shemeji alione hilo.

Kisha Umoja wa Ulaya ukatamka kwamba Poland haitapata fedha zake za maendeleo hadi mahakama ziwe huru na majaji waliosimamishwa warudi. Barabara ya Wiesław, iliyotegemea fedha hizo, ikakwama katikati ya mashamba ya kabichi.

Jumapili iliyofuata, supu ilipokaribia kuisha, Wiesław aliuliza:

"Hivi, shemeji, kazini unarudi lini?"

"Leo umenikumbuka?"

"Nauliza tu. Si sisi ni ndugu?"

"Zimebaki kilomita ngapi?"

"Nne," akajibu, macho kwenye sahani.

Kila Jumamosi wazee wastaafu kumi na mmoja walisimama mbele ya mahakama kumtetea Kazimiera. Jumamosi iliyofuata walikuwa kumi na wawili. Wiesław alisimama kwenye mvua, kofia imeshushwa hadi nyusi, asitambulike. Mji mzima ukamtambua.

"Hatimaye ameuona mwanga," mzee mmoja alimnong'oneza Kazimiera.

"Ameiona lami," akamsahihisha. Hata hivyo alimpelekea shemeji mwavuli.

Serikali ilivutana na wakuu wa Umoja huko Brussels kwa miezi, kisha ikalegea kidogo kidogo. Majira ya kuchipua, barua ikafika: Kazimiera arudi kazini. Wiesław alimwendesha mwenyewe hadi mahakamani, akamfungulia mlango wa gari mbele za watu.

"Wakiuliza, sema nilikuwa upande wako tangu mwanzo."

"Nitakula kiapo cha uongo siku ya kwanza?"

Kesi ya kwanza ilikuwa ya majirani wawili waliogombania mti wa peari. Kazimiera alipowaambia waketi, sauti ilimtetemeka. Akajifanya anakohoa, akanywa maji, akawaambia tena waketi, ingawa walikuwa wameshaketi.