Jicho la Mwamuzi

Baba alitaka mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta, kwa sharti moja: uwe wa kweli.

"Sitaki vikatuni vinavyopaa," alisema tulipokuwa tukiingia dukani. "Nataka mpira unaodunda, matope, na mchezaji anayechoka."

Nilifurahi kuliko yeye. Tangu utotoni nimekuwa nikimtetea. Alikuwa mwamuzi wa kuheshimika hadi fainali ile alipokubali bao la kona lililofungwa kwa mkono. Tangu hapo hakupewa filimbi tena. Wapo walionong'ona kwamba alinunuliwa. Wengine walimpigia kelele barabarani, "Refa, miwani!" Jibu lake halikubadilika: beki mrefu alimkinga, mkono hakuuona. Nadhani hata sheria nilikwenda kuisomea chuo kikuu kwa ajili ya jibu hilo.

"Karibu mzee wangu, karibu dada," alisema muuzaji. "Gemu za maana ninazo mbili. Hii ina picha tamu, mpaka jasho linang'aa. Ile sasa ndiyo uhalisia wenyewe. Ukitaka kuangalia mechi kwa macho ya refa, unaangalia. Unasimamisha, unahamisha watu, unarudia."

Baba alikuwa amekwisha kuushika mchezo huo wa pili. Akaurudisha rafuni taratibu.

"Huu wenye picha tamu unatosha."

"Baba, si ulitaka wa kweli? Hebu tujaribu. Tuipange kona ile."

"Kona gani?"

Hakuwahi kuniuliza kona gani. Nyumbani kwetu ilikuwa moja tu.

Muuzaji akauwasha. Nikampanga kila mtu mahali ambapo Baba alikuwa akimweka kwa vijiko na vikombe juu ya meza yetu ya chakula: mfungaji karibu na mlingoti, beki mrefu mbele yake, mwamuzi kwenye ukingo wa eneo la hatari. Kisha tukaingia katika macho ya mwamuzi. Juu ya bega la beki ulionekana mkono, umenyooka, mpira ukigusa vidole.

"Msogeze refa kushoto kidogo," nilisema.

Mkono ulionekana.

"Kulia, basi. Na beki mwongezee urefu."

Muuzaji aliongeza, akacheka. "Dada, umpange upendavyo. Hapo hata refa mwenye chongo angeona!"

Baba naye alicheka, kwa sauti kubwa mno, huku akitazama feni ya darini. "Mchezo wa watoto huu. Mabeki wa kweli ni wapana."

"Uliuona, Baba?"

"Mwanangu, tumekuja kununua au kuhojiana?"

Nilisubiri aseme lile jibu lake. Angelisema, pengine ningeliamini tena, na kioo kile cha kompyuta ningekiita cha uongo. Badala yake alimpa muuzaji pesa za mchezo wenye picha tamu.

Sasa anaucheza kila jioni, akiniita nikae upande wa pili. Nyasi zinapendeza, jasho linang'aa. Nimechunguza kila pembe ya uwanja ule: mwamuzi hayumo. Filimbi hulia tu, haijulikani ameipuliza nani, na Baba hapingi hata mara moja.