Nyekundu Kwanza

Florentine alisimama ghafla mbele ya ofisi za halmashauri ya Nchelenge. Juu ya mlingoti bendera ilikuwa imekunjuka wazi: kando ya kijani, kwanza nyekundu, kisha nyeusi, na ya chungwa pembeni kabisa, chini ya tai. Kwenye ile aliyoishonea shule, ya chungwa ndiyo ilianza.

"Shemeji, si uliniambia ya chungwa iko mbele?"

Mulumba, mdogo wa marehemu mumewe, alisimamisha baiskeli yake ya kubebea samaki. "Nani atahesabu? Leo sikukuu ya uhuru. Batu bataimba, bataenda kwabo. Nyamaza tu."

Angeweza kunyamaza. Bendera ya zamani aliletewa imechakaa, kona ya milia haipo tena, na Ba Kangwa, mwalimu mkuu, aliipokea mpya bila hata kuifungua. Lakini juzi tu mtu aliuliza sokoni, kwa sauti, kwa nini bendera ya Zambia inashonwa na mkimbizi kutoka Kongo. Florentine alikaza kitenge, akachukua mkasi na sindano kwenye kibanda chake cha kushonea, akaenda shuleni karibu mbio.

"Ba Kangwa, munisamehe. Milia nimeigeuza."

Mwalimu mkuu aliikunjua bendera mezani, akaitazama milia. Nje wanafunzi walikwisha kupanga mistari.

"Nusu saa inakutosha, mayo?" aliuliza, akimwita mama kwa Kibemba.

"Inatosha."

Ba Kangwa akafunga mlango, akaketi, akamshikia pindo. Waliifumua pamoja.

"Nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii ya chungwa ni shaba, madini yetu."

"Kwetu, nilipokuwa mutoto, jimbo nzima liliitwa Shaba. Papa yangu alikuwa anaiyeyusha hiyo shaba kiwandani." Florentine alipitisha uzi, akasita. "Na hii nyeusi?"

"Ni watu."

"Batu gani?"

Ba Kangwa alinyoosha pindo. "Kitabu kinasema watu tu."

Florentine aliinama, akaushona mlia mweusi mara mbili.

Walipotoka, Florentine alielekea getini.

"Unaenda wapi? Shika kona hii, isiguse chini."

Wakavuka uwanja wawili, bendera katikati yao, wazazi wote wakitazama. Kamba ikavutwa. Bendera ikapanda, ikapanda, mpaka Florentine akabaki ameshika kona ile moja, mkono ameuinua, amesimama kwa ncha za vidole vya miguu.